Mti Mgeni wa Amani

Mwezi uliopita sisi akina mama wa darsa ya Kabiria, huku magharibi mwa Nairobi, tulichanga fedha ili tupande miti ya kivuli katika ua wa madrasa. Watoto husoma juani, na mti ni sadaka yenye kuendelea. Tukaenda kwa wauza miche waliopanga bidhaa zao kando ya barabara ya Ngong. Bi mkubwa wetu, mzaliwa wa Malindi, aliutaka mwarobaini. Muuzaji akamjibu kwa adabu kwamba mti huo hauipendi baridi ya huku. Sisi wengine tulikuwa na sharti moja tu: mti ukue upesi.

Hapo ndipo mimi niliposita. Nimezaliwa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na huko kwetu uko mti uliopendwa kwa sifa hiyohiyo.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakakusanya mimea ya pande nyingi za dunia: mikwinini, mipira, viungo, miti ya mbao. Mmoja kati ya miti hiyo haukutoka mbali. Waganda huuita musizi, na asili yake ni Uganda, Bukoba na hata msitu wa Kakamega. Hukua haraka, hunyooka, huzaa matunda mengi. Ulipandwa Amani mapema katika karne ya 20, na baadaye ukapandwa tena ili kuziba mahali palipokatwa miti. Hondohondo akayapenda matunda yake. Akala, akaruka, akaziangusha mbegu ndani ya msitu ambamo hapana mtu aliyekusudia kuupanda.

Katika miaka ya 1980 mwanaikolojia Pierre Binggeli alikwenda kuuchunguza mti huo. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, mgeni huyu ataumeza msitu? Jibu la swali kama hilo halipatikani kwa kutazama siku moja. Hutakiwa kuhesabu miche, kisha miti michanga, kisha mikubwa; kivulini na penye mwanga; mahali palipokatwa na mahali pasipoguswa. Mimi niliyekulia karibu na miti hiyo sikuwahi kujiuliza imetoka wapi.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1989, katika kitabu kuhusu hifadhi ya misitu ya Usambara Mashariki. Mche wa musizi waweza kuota kivulini, lakini haudumu humo. Huhitaji uwazi, pale mti mkubwa ulipoanguka na jua likafika chini. Katika msitu uliofunga, nafasi za namna hiyo ni chache. Lakini ukataji wa mbao kwa mashine ulikuwa umekwisha kuufungua msitu huo, na mgeni akaikuta milango wazi. Kwa hiyo kuulaumu mti peke yake si haki.

Hasara yenyewe ni kubwa, kwa kuwa milima hiyo ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, ambayo wanawake wa Ulaya na Marekani huyaweka dirishani, yanatokana na mimea ya misitu ya kwetu Tanga. Wazungu waliyapata huko mwishoni mwa karne ya 19. Huishi katika miamba yenye unyevu, chini ya kivuli. Kivuli kikibadilika, hayana pa kuhamia.

Binggeli hakuishia Amani. Mwaka 1993, pamoja na Alan Hamilton, alirudia habari ya musizi. Mwaka 1998 yeye na wenzake wa Bangor, Uingereza, walitoa mapitio marefu ya miti vamizi ya nchi za joto. Mwaka 2003 aliandika sura kuhusu mimea ya kigeni ya Madagaska. Kazi hiyo ndefu ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, swali lilelile likiulizwa katika nchi nyingine.

Wakulima wa kwetu, niseme kweli, hawauchukii musizi. Huwapa mbao na kuni, na mwenye jiko la kuwasha jioni hana sababu ya kuuona adui. Hata mwarobaini wa Bi mkubwa ni mgeni kutoka Bara Hindi, nao umeanza kujiotea katika baadhi ya misitu ya pwani ya Kenya. Alipoambiwa hayo alikasirika kidogo. Hapa Nairobi adui ni lantana, ile yenye vijiua vya rangi mbili, iliyoletwa kama pambo. Katika msitu wa Karura watu huing'oa kwa mikono.

Basi tuliporudi kwa muuzaji tulimwomba mti wa papa hapa. Akatuonyesha grevilia, nami nikamwambia huo ni wa Australia. Akacheka, akatoa miche mitatu ya muthiga, mti ulioupa jina mtaa wa Muthiga, ambao magome yake machungu wenyeji huyatumia kwa kikohozi. Alituonya kwamba hautatupa kivuli mwaka huu wala mwakani.

Tulilipa, tukapanda Ijumaa baada ya sala. Mmoja umekwisha kung'atwa na mbuzi wa jirani, tumeuzungushia miiba.