Chakula cha Kuku wa Mayai na Dhima ya Mfugaji

Kuku aachwaye huru huamka akachakura uani, akapata mchwa, majani, mbegu na vijiwe. Yule tuliyemfungia bandani hana njia hiyo; yote ayahitajiyo yamo mikononi mwetu. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) amemtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Habari hiyo haiko mbali na mabanda yetu.

Wengi huwatupia kuku pumba tupu asubuhi na jioni, kisha wakalalamika kuwa hawatagi. Pumba hushibisha tu. Ganda la yai moja lina madini ya kalisi kiasi cha gramu 2, na kuku asipoyapata chakulani huyatoa katika mifupa yake mwenyewe, hata miguu ikalegea asiweze kusimama.

Kwa kilo 100 za chakula, chukua mahindi yaliyoparazwa kilo 48, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 20, dagaa waliosagwa 10, chokaa ya mifugo au maganda ya chaza yaliyopondwa 8, na unga wa mifupa kilo 1 na nusu. Kisha chumvi gramu 250, na unga wa vitamini na madini uuzwao maduka ya mifugo gramu 250. Dagaa wakiwa wa chumvi, usitie chumvi nyingine. Wala usitumie chokaa ya kupakia ukuta, kwani huunguza. Vile vya gramu vichanganye kwanza na kilo chache za pumba, ndipo uvimwage katika fungu kubwa. La sivyo, kuku mmoja atapata vyote na mwenziwe akose.

Kuku 10 hula kama kilo 1 na gramu 200 kwa siku. Basi mwenye kuku 10 na achanganye robo tu ya kiasi hiki, imtoshe siku 20, kisichache. Maji yasikatike kamwe.

Wako watiao damu kavu ya machinjioni badala ya dagaa. Damu ile ni najisi, na samaki hata akifa ni tahiri. Sioni haja ya kuiacha tahiri tukafuata najisi. Wanavyuoni wa Kishafii wamechukia kuliwa mnyama alishwaye najisi hata nyama yake ikabadilika.

Lililo zito zaidi ni mahindi yaliyoota ukungu. Husemwa, "Hayo ni ya kuku." Sivyo! Ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu, ambayo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika, na huweza kupita hadi katika yai na ini tulalo sisi na watoto wetu. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo iliyokuwamo katika mahindi. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe shimoni, wala asiuziwe jirani.