Mwana wa Bara na Lugha ya Pwani

Kila nisimamapo hapa Misikhu kungojea matatu ya Kitale, humkumbuka marehemu Ken Walibora. Alizaliwa Bungoma, akakulia Trans Nzoia; mtu wa bara kama sisi. Lakini Siku Njema, riwaya yake iliyotoka mwaka 1996, haikuanzia kwetu. Ilianzia Tanga, kwa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, na mwanawe Kongowea Mswahili, ambaye baadaye anafunga safari kumtafuta baba yake huku Kitale.

Hebu tafakari, msomaji. Mwandishi wa bara anamtwaa shujaa pwani na kumleta nyumbani!

Nikiwa shuleni, mwalimu mmoja alizoea kutucheka kwamba Kiswahili kina wenyewe. Tuliamini, tukawa tunaandika insha fupi fupi za woga.

Wenyewe ni akina nani? Kule Italia alikuwapo Antonio Tabucchi, mzaliwa wa Pisa mwaka 1943. Shairi la Mreno Fernando Pessoa lilimteka angali kijana. Akajifunza Kireno, akaoa Mreno, akakifundisha chuoni Siena, na riwaya yake Requiem, ya mwaka 1991, akaiandika kwa Kireno chenyewe. Alifia Lisbon mwaka 2012. Sidhani kama wasomaji wake walimdai cheti cha kuzaliwa.

Walibora alifariki Nairobi mwezi wa Aprili, 2020. Nakala yangu ya Siku Njema imechakaa, jalada limebanduka. Binti yangu ndiye anayeisoma sasa. Jana aliniuliza nauli ya kutoka hapa hadi Tanga.