Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania husifiwa kuwa ghala la chakula la taifa. Mahindi, viazi mviringo na maharage husafirishwa kutoka huko kwenda miji mbalimbali. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe na Rukwa ni takriban asilimia 50, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Inakuwaje mtoto akose lishe palipo na chakula?

Sehemu ya jibu imo katika kalenda ya shamba. Nyanda hizi hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kupanda, kupalilia na kuweka mbolea hufuatana bila nafasi ya kupumua, na wakati huohuo akiba ya mwaka uliopita hupungua. Mama huondoka alfajiri na kurejea jioni. Mtoto huachiwa uji mwepesi wa mahindi pekee, akilishwa na dada ambaye naye bado ni mtoto. Tumbo hujaa, lakini mwili haupati vya kujengea.

Mvua zikichelewa au zikikatika mapema, shida huongezeka. Mbegu hupandwa upya, na fedha iliyokusudiwa kununua dagaa au mayai huishia dukani kwa pembejeo. Hivyo, mvua isiyotabirika hudhuru shamba na mtoto kwa pamoja.

Udumavu ni kuwa na urefu mdogo kuliko umri unavyotaka. Mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na mchangamfu, na mizani peke yake isimtambue. Ni lazima apimwe urefu. Madhara yake hugusa ubongo, kinga ya mwili na uwezo wa kujifunza, na ni vigumu kuyarekebisha baada ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi miaka miwili.

Mhudumu wa afya, usiishie kumwambia mama ampe mtoto mlo kamili. Muulize: wakati wa palizi mtoto hubaki na nani? Hula nini, na mara ngapi kwa siku? Majibu hayo yataonyesha ushauri unaotekelezeka.

Mzazi, mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee. Mama aende naye shambani na apewe muda wa kumnyonyesha. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akilishwa uji mzito au chakula kilichopondwa, chenye maharage, dagaa, au karanga safi zisizo na ukungu zilizosagwa. Alishwe mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne. Vinyungu vya mabondeni, vinavyolimwa wakati wa kiangazi, vitoe pia mboga za nyumbani, si za sokoni tu.

Baba naye ana wajibu, kwani mara nyingi ndiye anayeamua kiasi cha kuuza. Kabla gunia la mwisho la maharage halijapakiwa kwenye lori, na atenge la mtoto.