KILA MUTU ALIONA, LAKINI NANI ALISEMA?

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Leo hatutazungumza juu ya kaske wala bote. Faida ya vitu vile munaijua. Leo tutazungumza juu ya chombo cha usalama ambacho stoo ya kampuni haiwezi kukupa, na ambacho huwezi kukisahau nyumbani: kinywa chako.

Fikiri hivi. Ni mapema asubuhi. Ekipe ya usiku inatoka, ekipe ya asubuhi inaingia. Katika njia moja chini ya udongo, jiwe la dari limeanza kulegea. Si kitu kikubwa: ufa mwembamba, na vumbi kidogo lililoanguka chini. Mutu wa kwanza anapita, anainua taa, anaona. Anasema moyoni: "Bila shaka shefu anajua." Wa pili anapita, anaona, anasema: "Walionitangulia wameisha kusema." Wa tatu anaona wale wawili wamepita bila neno, naye anasema: "Kama ingekuwa hatari, wangesimama." Kabla ya saa sita ya muchana, watu makumi mawili wamepita chini ya jiwe lile. Macho arobaini yameona. Hakuna kinywa hata kimoja kilichofunguka. Na jiwe halihesabu macho.

Kati ya wale makumi mawili, nani ni mutu mubaya? Hakuna. Ni mababa wenye watoto, watu wa kusali, watu wa kusaidiana wakati wa kilio. Basi namna gani watu wema makumi mawili wanaweza kuacha jiwe moja liwaue wenzao?

CHUMBA KILICHOJAA MOSHI

Mwaka wa 1964, katika muji wa New York huko Marekani, mwanamuke kijana aitwaye Kitty Genovese aliuawa usiku karibu na nyumba yake. Gazeti moja kubwa liliandika kwamba watu 38 waliona ao walisikia, wala hakuna aliyesaidia. Baadaye ilijulikana kwamba gazeti lilitia chumvi: wengi hawakuona vizuri mambo yaliyotendeka, na jirani mumoja alishuka akamushika mikononi. Hata hivyo, habari ile iliwasukuma wataalamu wawili wa elimu ya tabia za watu, John Darley na Bibb Latané, waulize swali la maana: je, kuwa wengi kunasaidia, ao kunazuia?

Mwaka wa 1968 walitoa jibu. Waliwaweka wanafunzi katika chumba, wakawapa karatasi za kujaza. Kisha moshi ukaanza kuingia polepole kwa tundu la ukutani. Kati ya wanafunzi 24 waliokuwa peke yao, 18 walitoka na kutoa habari. Lakini wanafunzi wengine 10, kila mumoja kwa zamu yake, waliketi pamoja na watu wawili walioagizwa mbele kwamba wakae kimya na kuendelea kuandika. Kati ya wale 10, ni 1 tu aliyesema. Wengine 9 walikohoa, walisugua macho, walipepea moshi kwa mukono, na waliendelea kujaza karatasi. Walipoulizwa kisha, walikuwa na maelezo: labda ni mvuke, labda ni mashine ya kupoza hewa.

Moshi ulikuwa uleule. Pua zilikuwa za watu wa namna moja. Kilichobadilika ni kwamba mutu hakuwa peke yake.

MAMBO MATATU YANAYOFUNGA KINYWA

Jambo la kwanza: muzigo unagawanyika. Ukiwa peke yako unajua kwamba kazi ya kusema ni yako. Mukiwa kumi, kila mumoja anajiona amebeba sehemu moja tu ya kumi, na sehemu ndogo namna ile haimwinui mutu pahali alipoketi.

Jambo la pili: tunasoma nyuso za wenzetu. Mutu asiyejua kama kitu ni hatari anamutazama mwenzake. Mwenzake naye anamutazama yeye. Wote wawili wanajikaza kiume, nyuso zimetulia, na kila mumoja anadanganywa na uso wa mwingine.

Jambo la tatu: haya. "Nikisimamisha kazi, kisha ionekane si kitu, watanicheka. Shefu atasema mimi mwoga, ao mvivu." Ndugu, kicheko kinakwisha jioni. Kilio cha mujane hakikwishi jioni.

USHUJAA UNAOCHELEWA

Usifikiri kwamba wataalamu wanasema watu wana roho mbaya. Mwaka wa 2019 watafiti walitoa uchunguzi wa filamu 219 za kamera za barabarani, zilizopigwa katika miji ya Cape Town huko Afrika ya Kusini, Amsterdam huko Uholanzi na Lancaster huko Uingereza. Filamu zilionyesha watu wakigombana mbele ya wapita njia. Katika ugomvi 9 kati ya 10, mumoja ao zaidi kati ya watazamaji aliingia kusaidia. Na kadiri watazamaji walivyokuwa wengi, nafasi ya kupata musaada iliongezeka.

Je, habari hii inapingana na ile ya moshi? Hapana. Ngumi inaonekana wazi, kila mutu anajua ni ngumi. Moshi mwembamba hauonekani wazi. Unamwacha mutu na mashaka, na katika mashaka ndipo tunaponyamaza.

Sisi watu wa mugodi tunajua ukweli huu kuliko watu wa masomo. Mwenzetu akifunikwa na mawe, hakuna anayesubiri amri. Watu wanakimbia, wanachimba hata kwa mikono. Lakini jana yake, jiwe lilipokuwa ufa tu, tulipita kimya. Ushujaa tuko nao. Shida yake ni kwamba unachelewa siku moja.

HARAKA NAYO INAFUNGA MACHO

Unakumbuka mufano wa Musamaria mwema katika Injili ya Luka? Mwaka wa 1973 John Darley na mwenzake Daniel Batson walitoa habari ya jaribio juu ya mufano ule, lililofanywa Princeton huko Marekani. Walichukua vijana 40 waliokuwa wakisoma kusudi wawe wachungaji. Wengine kati yao walipashwa kwenda kuhubiri juu ya Musamaria mwenyewe. Katika njia waliwekewa mutu aliyejikunja mulangoni, akikohoa na kulia kwa maumivu. Kati ya wale walioambiwa kwamba wamechelewa, waliosaidia ni 10 kwa mia. Kati ya wale waliokuwa na wakati, waliosaidia ni 63 kwa mia. Kuwa na mahubiri ya Musamaria kichwani hakukuwasaidia sana. Kilichopima watu zaidi ni haraka.

Basi, mukubwa wa kazi anayeimba "upesi, upesi" tangu asubuhi mpaka jioni, ajue anafunga pia macho ya watu wake. Na wewe unayekimbilia kumaliza zamu, ujue kwamba dakika za mwisho ndizo dakika ambazo unaona kidogo kabisa.

MAMA, NA NYUMBANI NI VILEVILE

Hatari hizi haziko chini ya udongo peke yake. Mvua kubwa imepita, waya ya umeme imeanguka katika njia ya watoto. Jirani wa kushoto anafikiri jirani wa kuume ameisha kuita watu wa umeme. Wa kuume anafikiri vilevile juu ya wa kushoto. Watoto wao wanatoka kucheza.

Ao tena: ni baridi ya mwezi wa saba. Unaona jirani akiingiza mbabula yenye makala ya moto katika chumba wanapolala watoto, na anafunga dirisha. Wewe unajua kwamba makala inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwamba mwenye kulala hawezi kuisikia. Lakini unasema: "Si nyumba yangu, atafikiri namudharau." Mama, piga hodi. Sema kwa upole: "Dada, usiku huu acha mbabula inje, wafunike watoto kwa blanketi." Afazali akukasirikie kesho akiwa muzima.

UFANYE NINI?

Moja. Aliyeona ndiye mwenye jambo. Usiulize ni kazi ya nani. Macho yako yalipoliona, jambo limekuwa lako mpaka umelikabidhi kwa mwingine.

Mbili. Usiseme na kundi, sema na mutu. Ukipiga kelele "Mutu aite shefu!", kila mumoja atamungojea mwenzake. Onyesha kwa kidole: "Wewe mwenye kaske nyeupe, kimbia kwa shefu, umwambie dari imelegea hapa, kisha urudi unijibu." Sasa muzigo una mabega yake.

Tatu. Usiache hatari peke yake. Funga njia, weka alama, ao simama pale wewe mwenyewe, pahali palipo salama, mpaka mwingine ashike nafasi yako.

Ine. Subiri jibu. Habari isiyopata jibu haijafika. Kama wa kwanza hakusikia, nenda kwa wa pili, ao kwa delege wa usalama. Kurudia si kukosa heshima.

Tano. Wakati wa kubadilisha zamu, anayetoka amwambie anayeingia, kinywa kwa kinywa: "Nimeona hiki na hiki." Usiache jambo kwa kufikiri kwamba ataliona mwenyewe.

Na usifikiri kwamba kusema ni kuomba huruma. Mukataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka wa 1995, juu ya usalama na afya katika migodi, unahesabu kutoa habari ya hatari kuwa haki ya mufanyakazi. Unahesabu pia kuwa haki yake kuondoka pahali anapoona, kwa sababu ya kweli, kwamba pana hatari kubwa. Na mukataba uleule unamupa wajibu: akiona hatari kwake ao kwa wenzake ambayo hawezi kuiondoa mwenyewe, amwambie mukubwa wake mara moja. Haki na wajibu, vyote viwili vinatembea pamoja kama miguu ya mutu.

NA WEWE, SHEFU WA EKIPE

Siku moja kijana atakuja kwako mbio, atasema jiwe limelegea. Utakwenda, utalipiga kwa chuma, utaona ni zima kabisa. Saa ile utachagua. Ukimucheka mbele ya wenzake, umefunga kinywa chake, na vinywa vya wote waliosikia kicheko. Ukimwambia "Asante, ulifanya vizuri, na kesho uje tena," umefungua vinywa vyote. Dakika tano ulizopoteza ni bei ndogo sana kwa kununua kitu kama hicho.

Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli kwa kazi ya kuchimba, ya kubeba, ya kujenga. Lakini kidole kimoja kinatosha kabisa kuonyesha jiwe lililolegea. Wazee walisema tena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mugodi, ndugu, asiyesema juu ya ufa atachimba kaburi.

Rudi sasa kwa ile njia ya asubuhi. Mutu wa kwanza anainua taa, anaona ufa, anasimama. Anaweka alama, anamutuma mwenzake kwa shefu, anangoja. Jiwe linaangushwa kwa akili, chini hakuna mutu. Wale kumi na tisa wanapita, wengine wananungunika kwamba kazi imechelewa. Jioni wote makumi mawili wanarudi kambini, na hakuna hata mumoja anayesimulia jambo lolote, kwa sababu hakuna lililotokea. Yule wa kwanza hatapewa medali. Lakini anajua kwa nini watu makumi mawili wanakula pamoja na watoto wao usiku ule.

UMEONA? SEMA. UMESEMA? SUBIRI JIBU.