Kreti ya Soda na Lalamiko la Mhudumu

Kreti ya soda ikipotea stoo, katika hoteli yoyote ya ufukweni kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, uchunguzi huanza kabla jua halijatua. Mlinzi wa getini huitwa, daftari la zamu hufunuliwa, mtunza stoo huandika maelezo na kutia saini. Mhudumu wa vyumba akisema msimamizi humfuata anapotandika vitanda na kumtishia kumnyima zamu asipomkubalia, huambiwa arudi kazini, suala lake litaangaliwa. Wiki hupita, na anayepanga zamu bado ni yuleyule.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa kuchunguza upo. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotangazwa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza ndipo amfikishe mfanyakazi kwenye kikao cha nidhamu. Mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Anayeongoza kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio. Waajiri wengi wameshika utaratibu huu, hasa waliowahi kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kuuruka. Lakini wanautumia kuwachunguza walio chini. Lalamiko linalopanda juu, kumhusu msimamizi au mkuu wa idara, halipewi daftari wala saini.

Na lalamiko kama la mhudumu huyo si jambo dogo la kuambiwa "malizaneni wenyewe". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe zamu au mkataba anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Meneja aliyewaambia wamalizane amewaacha mtendaji na mtendewa wazungumze peke yao juu ya jinai. Mhudumu akishindwa kuvumilia akaacha kazi, sheria hiyohiyo ya 2004 inaweza kuhesabu kwamba mwajiri ndiye aliyemwachisha, kwa kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike. Ana siku 30 za kufika CMA, na mwajiri ataulizwa alifanya nini alipoambiwa. Bila karatasi hata moja, atajibu nini?

Wengi, hata hivyo, hawafiki CMA. Wanaondoka tu. Pwani hii inaijua tabia hiyo tangu zamani: misafara ilipokuwa ikipakia Bagamoyo kwenda bara, mpagazi aliyepunjwa au kupigwa hakuwa na pa kulalamika, akautua mzigo usiku na kutoweka. Baadaye wakaja waliokataa kuondoka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi viwandani wakaushika kama ngao. Mwaka 1973, wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Migomo mingi ya miaka ile haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye matusi na kudharauliwa.

Msimamizi naye anauhitaji uchunguzi. Bagamoyo ni mji wa watu wanaojuana. Lalamiko lisilosikilizwa ofisini husikilizwa barazani, na huko hakuna saa 48 za kujiandaa wala shahidi wa upande wake. Kama hakutenda, uchunguzi wa haki ndio pekee utakaomsafisha mbele ya mkewe na majirani zake.

Kazi yenyewe haina gharama ya kutisha. Siku lalamiko linapopokelewa, upangaji wa zamu uhamishiwe kwa mtu mwingine, bila mlalamikaji kupunguziwa siku zake. Kwa deiwaka, siku iliyopunguzwa ni chakula kilichopunguzwa. Maelezo yachukuliwe faragha, na mlalamikaji mwanamke akipenda, yachukuliwe na mwanamke. Kisha lifunuliwe daftari lilelile la zamu lililotafutiwa kreti ya soda, lioneshe nani alikuwa ghorofa gani, saa ngapi, na ni nani aliyeanza kukosa zamu tangu siku aliposema hapana.