Matumbawe Yanayotunza Habari za Matetemeko

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za kiumbe mdogo wa baharini anayekumbuka matetemeko ya ardhi kuliko mzee yeyote. Anaishi kwenye visiwa vya Mentawai, magharibi mwa Sumatra, nchini Indonesia: Siberut, Sipora na Pagai.

Ganda la dunia yetu limegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba. Bamba lililobeba sakafu ya Bahari ya Hindi huzama chini ya bamba lililobeba Sumatra, takriban sentimita 5 kila mwaka. Lau lingeteleza tu, tusingekuwa na kisa. Lakini mabamba hayo yameng'ang'aniana, na la chini likizama huuburuta ukingo wa la juu pamoja na visiwa vyake. Shikeni rula ya plastiki juu ya dawati, ncha yake ikiwa nje. Ikandamizeni ncha taratibu, kisha iachieni: itaruka juu. Ndivyo vilivyo visiwa vile. Huzama kidogo kidogo kwa miaka mingi, na siku mabamba yanapoachana, huinuka kwa ghafla. Ardhi hutetemeka, na maji yaliyosukumwa kutoka chini huweza kuwa tsunami.

Je, nani aliyaona ya zamani akatuwekea? Ni matumbawe. Hujijengea nyumba ya chokaa, tabaka baada ya tabaka, mwaka hadi mwaka. Hayawezi kuota kupita pale maji yanapofika yakipwa sana, kwani yakikaa juani hufa. Kisiwa kikizama, hupata maji zaidi na kuota kwenda juu. Kisiwa kikiinuka ghafla, sehemu ya juu hufa, ya chini ikaendelea kuishi.

Wanajiolojia Kerry Sieh wa Marekani na Danny Hilman Natawidjaja wa Indonesia, pamoja na wenzao, walikata vipande vya matumbawe hayo kwa msumeno, wakavipiga eksirei na kuhesabu matabaka. Umri wakaupima kwa uraniamu, ambayo hugeuka kuwa thoriamu kwa kasi inayojulikana. Wakapata historia ya miaka 700 hivi, ikiwemo habari ya matetemeko makubwa ya 1797 na 1833. Wakatambua kwamba matetemeko makubwa huko huja kwa mafungu, takriban kila baada ya karne mbili.

Leo vipo pia vyombo vya GPS vinavyopima jinsi visiwa vinavyosogea, milimita kwa milimita. Tarehe 12 Septemba 2007 likapiga tetemeko la ukubwa wa 8.4. Vipimo vikaonyesha kuwa limetoa sehemu tu ya nguvu iliyokusanyika, na kwamba chini ya Siberut mabamba bado yameshikana. Kwa hiyo wataalamu wanaweza kusema hatari iko wapi na ukubwa wake waweza kufika wapi. Siku yenyewe, hakuna aijuaye.

Ndiyo maana ujuzi huo lazima ufike kwa watu. Tarehe 25 Oktoba 2010, karibu na Pagai, ardhi ilitetemeka polepole kwa muda mrefu. Wengi hawakudhani kuwa ni jambo la kutisha. Tsunami ikaja, na zaidi ya watu 400 wakafa. Kaskazini zaidi, katika kisiwa cha Simeulue, wazee walikuwa wamewasimulia wajukuu juu ya tsunami ya 1907: ardhi ikitetemeka na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Ilipofika 26 Desemba 2004, ardhi ilipotetemeka kabla ya tsunami nyingine, maelfu walipanda milimani mara moja, na waliokufa kisiwani humo walikuwa wachache mno.

Siku ile mawimbi ya tsunami hiyo yalivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania, ambako hakuna aliyehisi mtetemeko. Basi nanyi wa pwani, shikeni haya. Ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, hata kwa upole, ondokeni ufukweni. Bahari ikirudi nyuma wakati usio wake, msiende kuokota samaki. Kimbilieni mahali pa juu. Tahadhari ikitangazwa, itiini, wala msirudi mpaka mwambiwe kuwa ni salama. Na leo jioni, wafundisheni wadogo zenu.