Viputo vya chemchemi kati ya Eyasi na Hanang: ni volkano inakuja, au ni kitu kingine?

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Habari za mwanzo mtaani zilisema volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali walipokagua wakakuta sivyo: sehemu ya mlima ilikuwa imenyonya maji ya mvua nyingi, ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka.

Hofu ile inaeleweka. Hanang ni volkano kweli, ingawa imelala muda mrefu sana. Na ukiwa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, uko katikati ya eneo lililopasuka: kaskazini kuna Ziwa Eyasi, kusini-mashariki kuna Hanang na Ziwa Balangida la chumvi. Katika mabonde haya zipo chemchemi zinazotoa gesi. Sasa, tutajuaje kama gesi hiyo inatoka kwenye magma au kwingine?

Jibu liko ndani ya viputo. Tuanze na heliamu, maana ina aina mbili.

Heliamu-4 hutengenezwa ndani ya miamba yenye urani na thoriamu. Atomu moja ya urani-238, hadi igeuke kuwa risasi, hutema viini vinane vya heliamu. Ni kazi ya polepole mno, lakini miamba ya katikati ya Tanzania ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata anayeweka senti moja kwa siku angekuwa tajiri kwa muda huo.

Heliamu-3 ni tofauti. Nyingi yake ilifungiwa humo tangu dunia inaumbwa, na bado imo kwenye mantili, yaani tabaka lililo chini ya ganda tunalokanyaga. Magma ikipanda, huja nayo.

Kwa hiyo tunapima uwiano wa hizo mbili, tukiulinganisha na wa hewa ya kawaida. Gesi ya mantili huwa na uwiano mkubwa kama mara 8 ya hewa. Ya ganda kongwe huwa kama sehemu moja ya hamsini tu ya hewa. Gesi ya Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai kaskazini mwa Tanzania, inakaribia ile ya mantili. Za Eyasi na Balangida zimeegemea upande wa ganda kongwe. Hazisemi kwamba magma iko mlangoni.

Kuchukua sampuli si mchezo. Unafunika viputo kwa faneli iliyopinduliwa, unaipitisha gesi kwenye bomba dogo la shaba mpaka hewa yote itoke, kisha unalibana pande zote mbili. Kwa nini shaba? Heliamu hupenya vitu vingi. Ndiyo maana puto la sherehe hulegea siku ya pili. Hata kioo huivujisha. Maabara nayo hupima neoni, ili ijulikane kama hewa ya nje imeingia kwenye sampuli.

Lakini kama heliamu imekaa mwambani miaka yote hiyo, kwa nini itoke sasa? Kwa sababu ya joto. Bonde la Ufa linapofunguka, ganda hupata joto, madini huachia heliamu, kisha maji na naitrojeni huibeba kupitia nyufa hadi juu. Ukiwa mbali na moto, gesi haitoki. Ukiwa karibu mno, hewa ukaa ya volkano huifunika. Ni kama kuchoma mahindi: kuna umbali wake.

Ndiyo maana wawekezaji wamefika. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 za heliamu katika Bonde la Rukwa. Kampuni hiyo imekuwa na leseni za utafutaji Eyasi na Balangida pia. Heliamu hupoza sumaku za mashine za MRI, na ikishapaa angani hairudi.

Viputo vinaweza pia kutoa onyo. Gesi ikiwa hasa hewa ukaa, huwa nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na kuua bila harufu. Watu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku. Na kama tunataka umeme wa jotoardhi, kama Olkaria ya Kenya inavyouzalisha tangu 1981, kemia hiyohiyo husaidia kukadiria joto lililo chini kabla ya kuchimba kisima cha gharama kubwa.

Haya si ya maabara peke yake. Bonde la Yaeda ni makazi ya Wahadzabe, na mwaka 2011 baadhi ya jamii zao zilipata hati za kimila za ardhi yao. Hati hiyo ni ya ardhi. Madini yaliyo chini yake yana sheria nyingine. Hivyo ukimwona mtu na faneli kwenye chemchemi ya kwenu, muulize mambo matatu: gesi gani ni nyingi humu, uwiano wa heliamu ni upi, na majibu yataletwa lini kijijini, kwa lugha gani? La kwanza ni usalama wako. La pili linaeleza chanzo. La tatu litaonyesha kama mkutano wa kijiji utakaa ukiwa na taarifa au na uvumi.